Nyuzi Saba za Kiponda

Leeds, 12 Novemba 1955

Shangazi yangu Bi Mashavu,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta mzima, na goti lako limepoa, nusu ya haja yangu ishatimia. Mimi mzima. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, lakini ile bitana uliyonitilia ndani ya koti imewashinda Waingereza wenyewe. Mwenye nyumba wangu aligeuza koti ndani nje akatafuta mshono, asiuone. Nisalimie Shangazi Mwatum huko Makunduchi. Na Fundi Borafya msalimie pia, ingawa najua bado amenuna.

Sasa la masomo. Digrii hii ya pili si kama ile ya kwanza, ya kukaa darasani na kunakili. Hapa nimepewa chumba cha mashine za kuvunjia mawe na mwalimu mmoja wa kunisimamia, Dokta Pringle. Mwisho wa Machi 1957 lazima niweke mezani kitabu cha utafiti wangu mwenyewe. Kikikubaliwa nnarudi mhandisi kamili, na hapana mtu wa idara ya ujenzi atakayenituma tena kumshikia kamba ya kupimia. Kikikataliwa nnarudi kama nlivyoondoka. Muhula wa kuongeza haupo.

Nimechagua kuchunguza zege la mawe yetu ya matumbawe, nionyeshe kuwa jiwe la Unguja na saruji ya kiwandani vinaoana. Nimemsimulia Dokta Pringle ukuta wako wa kichochoroni, namna nilivyoupiga lipu ya saruji Januari iliyopita, juu mpaka chini, nikauziba na ule ufa wa zamani, na Fundi Borafya akasusa kushika mwiko kwa kuwa nimeikataa chokaa yake.

Niletee mawe, kiasi cha debe moja, na chokaa kidogo. Na nambie ukuta unaendeleaje.

Mwanao,
Usi Pandu


Kiponda, 3 Januari 1956

Usi mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa wala halijazidi, tushazoeana. Mwatum anakusalimu. Mbuzi wake amezaa mapacha, na ameniandikia habari za mbuzi kurasa mbili kama kwamba mimi sijapata kumuona mbuzi. Bwana Matar, sonara wa mlango wa pili, amemwoza binti yake, na nguo zote za harusi nimeshona mimi, mpaka vidole vimeota sugu.

Mawe yako kakuchagulia Fundi Borafya mwenyewe. Kweli amenuna, lakini kanuna huku anachagua. Kila jiwe nimelifunga kitambaa chake, na chokaa nimeitia katika mkebe wa maziwa. Debe limeondoka na meli juzi.

Cherehani nimeihamishia chini, kwa ajili ya mwanga.

Soma, Usi. Marehemu baba yako alikuacha mikononi mwangu una miaka sita, na sikukulea uje kuwashikia watu kamba. Mambo ya nyumba usiniulize, nyumba ina mwenyewe. Niulize kama nakuombea dua, nami ntakujibu kila sala.

Shangazi yako,
Mashavu binti Simai


Leeds, 20 Februari 1956

Shangazi,

Shikamoo. Debe limefika, na jiwe lililovunjika ni moja tu. Nilipovifungua vile vitambaa nikavitambua: ni kanzu zangu za skuli umezikata. Nilikaa kitako pale pale chini, mbele ya Waingereza. Mwambie Bwana Matar hongera ya binti.

Masomo yanakwenda. Ndiyo, yanakwenda.

Lakini kuna jambo linanikera. Chini kuna mwanga gani, Shangazi? Dirisha la chini linatazama kichochoro, na ukuta wa jirani uko mkono mmoja mbele yake. Tangu nipate akili umeshona juu, chumba cha kichochoroni, na kila anayekukingia jua unamfukuza. Tena nimekuuliza ukuta, umenijibu mbuzi.

Ukuta unaendeleaje?

Mwanao,
Usi


Makunduchi, 2 Mei 1956

Usi mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia kutoka kwa Mwatum. Ramadhani ya mwaka huu nimekuja kuifungia huku, maana futari ya mtu mmoja haina ladha, na masika yamekuja na hasira. Mwatum mzima, mbuzi mzima, na watoto wa mbuzi wazima.

Umeuliza mwanga. Macho ya mtu mzima hayataki jua kali. Basi.

Nawe hukunambia masomo yanakwenda wapi. Umeandika "yanakwenda" mara mbili katika mstari mmoja, na wewe tangu mdogo ukisema jambo mara mbili huwa huna hakika nalo. Ulipopoteza msahafu wa chuoni uliniapia hivyo hivyo, mara mbili. Nambie kuna nini.

Iddi njema, ikiwa barua itawahi.

Shangazi yako,
Mashavu


Leeds, 17 Juni 1956

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, na mara hii salamu zitakuwa fupi. Unisamehe, na Shangazi Mwatum anisamehe.

Uliuliza, nakujibu. Dokta Pringle alilikataa zege langu tangu Februari. Mawe yetu yana chumvi, na vyuma vinavyotiwa ndani ya zege vinashika kutu. Akasema hayo watu washayaandika, nitafute jengine lenye jipya au nifunge mizigo. Sikukuandikia kwa kuwa niliona haya.

Nikatafuta jengine. Kwa mawe yako na chokaa ya Fundi Borafya nimejenga vikuta viwili, kimo cha mkono, na katika kila kimoja nikachomeka kipande cha mti, kama boriti zetu zinavyoingia ukutani. Kimoja nikakipiga lipu ya chokaa, cha pili ya saruji. Vyote nikavisimamisha katika sinia la maji ya chumvi, vinyonye kutoka chini kama nyumba zetu zinavyonyonya. Baada ya wiki tano nikayaondoa maji. Cha chokaa kilikauka kwa siku kumi na mbili. Cha saruji nimekivunja juzi, mwezi mzima umepita: nje kikavu, kizuri, na ndani kimeroa chapa, na mti umeota ukungu.

Ukuta wa chokaa unanyonya maji na unayatoa. Ukuta wako mimi nimeuziba pua na mdomo. Nilisimama mbele ya kile kikuta nikakumbuka cherehani. Nikakumbuka pia kuwa hujapata kulala nje ya nyumba yako Ramadhani hata moja.

Nambie kweli, Shangazi. Boriti za chumba cha juu zi hali gani? Nimeshaulizia meli. Nikiyaacha masomo sasa, Septemba ntakuwa nimefika, nitengeneze nilichokiharibu.

Mwanao,
Usi


Kiponda, 9 Julai 1956

Usi,

Marahaba. Na adabu yangu ya leo imekomea hapo. Meli gani? Nani kakutuma uulize meli?

Umetaka kweli, shika. Ufa ulirudi masika ya kwanza, wewe bado uko hapa. Ulifunguka ubavuni mwa pale ulipoziba. Nikalisogeza kabati la marehemu mume wangu mbele yake, na upande mmoja ulilishika wewe mwenyewe, ukanicheka kuwa nahamisha vitu kama bibi harusi mgeni. Ulikuwa umebakisha wiki mbili kuondoka. Ningekuonyesha, usingeondoka. Nikaona bora sitara.

Aprili hii boriti mbili zimekatika kwenye ncha zake, zikashuka pamoja na dari, asubuhi, mimi niko sokoni. Cherehani ilikuwa ishahamia chini. Hakuna aliyeumia. Ndiyo nikenda kwa Mwatum. Sasa kila mpita njia ananisomea ile methali ya asiyeziba ufa, nami namjibu kuwa huu wangu umeharibika kwa kuzibwa.

Hasira ninazo, usidhani sina. Chumba kile nimeshonea miaka ishirini na mbili. Lakini sikukaa bure. Tangu ulipoondoka, kila ufa nimeubandikia uzi wa kushonea kwa nta, ukingo huu mpaka ukingo ule. Ukuta ukitembea, uzi unakatika, nami naandika siku yake katika daftari ninaloandikia vipimo vya watu, nyuma. Nlikuwa nataka kujua tu kama nilale au nihame.

Fundi Borafya anasema saruji yote ibanduliwe kabla ya vuli. Nimemwambia abandue nusu. Mtu akiniletea kitambaa nisichokijua, sikikati mpaka nikifue kipande na kipande nikiache, hapo ndipo nnapojua kinarudi kiasi gani. Basi nusu ya ukuta irudi chokaa, nusu ibaki na saruji yako, na mvua za vuli zipige zote mbili. Hilo jipya analolitaka mwalimu wako si ndilo hili? Nijibu nipime nini.

Na ukirudi bila ya karatasi yako, mlango huu utaukuta umefungwa, nami ntakuwa ndani nakusikiliza unavyogonga.

Mashavu binti Simai


Leeds, 2 Agosti 1956

Shangazi,

Shikamoo, na nakubusu mikono. Nimeisoma barua yako mara tatu na nimelia. Habari za meli nimeziacha.

Kabla ya yote, Fundi Borafya aziegemeze boriti zilizobaki kwa magogo mazito, na juu usipande ila mchana, na uwe na mtu. Hili sikuombi, nakulazimisha, mara hii tu katika maisha yangu.

Kisha fanya hivi. Bandika nyuzi saba: nne upande wa saruji, tatu upande wa chokaa. Kila Ijumaa chokoa kibonge kutoka ndani ya kila upande, kina cha kidole, mpelekee Bwana Matar akipime kwa mizani yake ya dhahabu. Kianike mpaka kikauke kabisa, akipime tena. Tofauti yake ndiyo maji yaliyomo ukutani.

Nimemweleza Dokta Pringle. Kwanza alicheka, akasema vipimo vya mshonaji ni vya kanzu. Nikamwambia shangazi yangu anaweza kukutajia kifua cha bwana harusi wa mwaka 1938 bila ya kufungua daftari. Hakucheka tena. Amesema atavikubali vikiwa na tarehe, bila ya pengo hata wiki moja, na viwe mkononi mwangu mwisho wa Februari.

Msalimie Fundi Borafya. Mwambie alikuwa na haki.

Mwanao,
Usi


Kiponda, 21 Desemba 1956

Usi mwanangu,

Marahaba. Mwatum ameuza wale mapacha, akalia, akanunua wengine. Fundi Borafya nimemfikishia maneno yako. Alinambia nimrudilie, nikamrudilia, akaenda zake anatabasamu.

Vuli imekwisha. Wiki kumi na tisa, na pengo hakuna. Ile wiki ya homa yangu nilibebwa kwenye kiti, nikachokoa, nikarudishwa kitandani. Bwana Matar sasa haningoji nifike, ananyoosha mkono dirishani. Upande wa saruji nyuzi zote nne zimekatika, mbili kati ya hizo katika siku tatu za mvua kubwa. Upande wa chokaa mmoja ulikatika wiki ya kwanza, ukuta ulipokuwa unajikalia. Mbili zimesimama.

Daftari zima nimelipeleka kwa meli, limefungwa kitambaa cha nta, limeondoka wiki iliyopita. Barua ya ndege karatasi yake nyepesi mno, siiamini kwa jambo zito.

Shangazi yako,
Mashavu


Leeds, 10 Januari 1957

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa homa uliyonificha.

Naandika kwa haraka. Mfereji wa Suez umefungwa kwa vita. Meli zinazunguka Afrika nzima kupitia Rasi, na nimekwenda ofisi ya meli kuuliza: daftari lako huenda likafika Machi, huenda Aprili. Mimi nahitaji Februari. Sikulaumu, ungejuaje. Lakini bila ya zile hesabu nina vikuta viwili vya mkono mmoja, na kwa vikuta hivyo peke yake Dokta Pringle hatonipitisha.

Je, kuna popote pengine ulipoandika?

Mwanao,
Usi


Kiponda, 24 Januari 1957

Usi,

Marahaba. Nilijua vita, redio tunayo. Sikufikiria kuwa vitanihusu mimi na daftari langu, na hilo ni kosa langu, siligawi na mtu. Siku mbili sikula.

Siku ya tatu nimekwenda kwa Bwana Matar. Sonara hapimi kitu asikiandike, hata kiwe udongo wa ukuta. Katika kitabu chake, baina ya bangili za watu na vipuli vyao, vibonge vyangu vyote vimo: Ijumaa kwa Ijumaa, uzito wa kuroa na uzito wa kukauka. Tumekaa mimi na yeye kuanzia asubuhi mpaka alasiri, yeye akisoma mimi nikiandika, kisha nikasoma mimi akahakikisha yeye. Nakala mbili zinakuja kwa ndege mbili mbalimbali.

Na nyuzi unazo. Kila uliokatika niliubandua, nikauhifadhi katika kikopo cha vifungo, umefungiwa kijikaratasi cha tarehe yake. Mshonaji hatupi uzi. Tano hizo nimezishonea kwenye karatasi, zimo ndani ya bahasha hii.

Wiki sita zinakutosha. Ulipokuwa na miaka tisa juzuu nzima uliihifadhi kwa wiki tatu, kwa kuwa nilikuahidi baiskeli. Sasa kaa chini uandike.

Mashavu


Leeds, 8 Juni 1957

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimepita.

Nisamehe kwa kimya cha miezi hii. Nakala zote mbili zilifika Februari, na kuanzia hapo mchana wangu wote ulikuwa katika hesabu zako. Kitabu nimekiweka mezani tarehe 29 Machi, Ijumaa, siku yetu ya vibonge. Daftari lenyewe limefika mwisho wa Aprili. Nimelilinganisha na nakala, hakuna tarakimu iliyopishana.

Juzi nimeitwa mbele ya watahini watatu. Karatasi yenye nyuzi tano ilikuwa juu ya meza, wakawa wanapokezana. Mmoja wao, mzee, akauliza vipimo hivi vya wiki kumi na tisa kavichukua mpimaji gani. Nikasema Bi Mashavu binti Simai, mshonaji, na jina lake limo katika ukurasa wa kwanza. Akauliza tena: na mhandisi aliyeupiga ukuta ule saruji ni nani, mbona jina lake halimo?

Ningeweza kusema ni mtu tu. Nikasema: ni mimi. Mzee yule akaandika kitu, akafunga kalamu, akasema hana swali jengine.

Idara ya ujenzi imeniandikia. Wananingoja Septemba. Sasa nambie nyumba, na mara hii usinijibu mbuzi.

Mwanao,
Usi


Kiponda, 30 Juni 1957

Mhandisi Usi bin Pandu,

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikaipeleka kwa Bwana Matar akaisoma kwa sauti, na Fundi Borafya akataka ile sehemu ya "ni mimi" irudiwe. Nimefurahi mpaka goti limesahau kuuma. Mbuzi siwataji.

Nyumba imepona. Boriti mpya zimeingia, chokaa iliyolala shimoni ikiiva tangu mwaka juzi imepakwa, na sakafu ya chokaa ya juu tumeipigilia kwa vibao siku tatu. Walikuja wanawake wa mtaa mzima na wa Makunduchi kumi na wawili, Mwatum mbele na kibao chake, wanapiga kwa nyimbo mpaka Bwana Matar akafunga duka, maana mizani ilikuwa haitulii. Cherehani imerudi juu, na jua ninalo. Nyuzi mbili za upande wa chokaa bado zimesimama, na sizibandui.

Saruji yako yote imebanduliwa, isipokuwa kipande kimoja, kiasi cha sinia, pale pale ulipouziba ule ufa. Fundi Borafya alitaka kukimaliza, nikamkataza.

Patasi na nyundo ziko juu ya kabati. Kipande kile hakigusi mtu mpaka uje ukibandue kwa mkono wako.

Shangazi yako,
Mashavu binti Simai